Mazoezi Si Mfungo wa Siku 21

 

Leo sina ndoto ya kuwasimulia. Nina viatu. Ni viatu vya mitumba nilivyonunua sokoni kwa shilingi mia sita, na soli ya kulia imeisha upande mmoja. Juzi mke wangu alitaka kuvitupa, nikamwambia aviache kwanza, nitavihubiri. Basi ndivyo ninavyovihubiri.

Mnajua tulivyo. Januari ikifika tunaingia kwenye mfungo wa siku 21. Tunamfuata Danieli, sura ya 10, majuma matatu bila chakula kitamu wala nyama. Kanisa linajaa alfajiri, mpaka wanakuja wale ambao Jumapili huingia mahubiri yakiisha. Siku ya 22 tunafungua kwa shangwe, chapati zipo, pilau ipo. Siku ya 23 ukija kanisani alfajiri unanikuta mimi na mlinzi, na mlinzi amelala. Silaumu mtu. Mfungo umewekwa uwe na mwisho. Danieli mwenyewe alimaliza, akala.

Shida ni kwamba niliuchukua mwili wangu nikautendea vivyo hivyo.

Mtakumbuka ile Jumapili mhudumu wa afya ya jamii alipokuja kutupima. Mnawajua hawa wahudumu. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na wanapita nyumba kwa nyumba. Nilijitolea kupimwa wa kwanza ili waumini wasiogope. Mashine ikasoma 158 kwa 96. Yule mama akapima mkono wa pili. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, hebu keti kidogo." Nyinyi mlikuwa kwenye foleni mnaimba, hamkujua lolote. Presha ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena si mara moja tu, hiyo ni presha ya juu. Mimi nilikuwa nimeipita na sikuwa na dalili yoyote. Nilikuwa nimehubiri ibada mbili.

Nilirudi nyumbani nikajiuliza: mtoto wa Kitui anapataje ugonjwa wa kukaa?

Maana sisi ni watu wa kutembea. Mmisionari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokelewa na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa ambaye misafara yake ilibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Kwa miguu, ndugu yangu, kutoka hapa mpaka chumvi ya bahari. Mwaitu, mama yangu mzazi, hakuwahi kufanya zoezi hata moja maishani mwake, ila kila siku alishuka mtoni, akachimba mchanga mkavu mpaka maji yakatoka, akapanda mlima na mtungi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Mimi nilitembea kilomita sita kwenda shule na sita kurudi, na nikichelewa nilikimbia kwa sababu ya kiboko. Hakuna aliyetuambia tutunze mwili. Maisha yenyewe yalitufanyisha mazoezi kwa nguvu.

Halafu Mungu akajibu maombi. Maji ya mfereji yakafika. Bodaboda zikafika. Ile barabara ya Kibwezi, Mutomo mpaka Kitui ikawekwa lami, na nyinyi wa Kibwezi mnajua nilivyokuwa nikifika kwenu zamani, mweupe kwa vumbi kama maiti. Sasa nafika na tai yangu imenyooka. Tulimshukuru Mungu kwa hayo yote, na tuendelee kumshukuru. Lakini kila baraka hapo iliondoa hatua miguuni mwetu, na hakuna aliyeambiwa azirudishe mahali pengine.

Hebu ihesabu siku yangu ya wakati ule. Naketi kwenye gari mpaka nyumba ya muumini. Naketi naletewa chai ya vijiko vitatu vya sukari, na mandazi, na kukataa ni kuvunja moyo wa mama wa watu. Naketi kwenye kamati ya mazishi. Naketi ofisini kushauri wanandoa. Naketi kwenye gari kurudi. Jioni nasimama kuhubiri, nikishuka naambiwa, "Pasta, baraka zinaonekana," na mtu ananigusa tumbo. Tuliita kitambi baraka kwa muda mrefu hata kikasikia.

Na mtu asiniambie kwamba mambo ya mbio na mazoezi ni ya watu wa Iten. Bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, kule Newcastle, Uingereza, mwaka 1992, alikuwa Benson Masya, mtoto wa Kitui. Tuna damu hiyo. Ila sikuiti ukakimbie kama Masya. Mimi nilijaribu kukimbia, na hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza.

Ilikuwa Januari. Nikasema mfungo wa mwaka huu utakuwa wa roho na wa mwili. Kila alfajiri nakimbia kutoka nyumbani mpaka bwawa la Kalundu na kurudi, tumbo tupu. Siku ya tatu goti la kushoto likavimba. Siku ya tisa nikashikwa na kizunguzungu, nikaketi kando ya barabara, mama muuza ndizi akanipa moja, nikaila. Mungu anajua. Nilifika siku ya 21 kwa kuburura mguu. Siku ya 22 tulifungua, na mazoezi yakafunguliwa pamoja na mfungo. Sikuamua kuacha. Hakuna asubuhi ambayo niliketi nikasema sasa basi. Yaliisha tu, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeyapa tarehe ya kuisha.

Mara ya pili nilijiunga na jimu. Nikalipa miezi mitatu, nikaenda mara nne. Niliona aibu kuvaa kaptula mbele ya vijana niliowabatiza. Hiyo tuipite.

Mara ya tatu niliacha kukimbia, nikaanza kutembea, na hapo ni nyinyi mlioniangusha. Naam, nyinyi! Natembea dakika tano, bodaboda inasimama: "Pasta, panda nikufikishe." Nasema natembea tu. "Pasta, kwani gari limeharibika?" Gari liko sawa. "Basi kuna msiba?" Kwetu mtu mzima anayetembea haraka alfajiri, ni msiba au ni deni. Nikawa napanda ili nisimvunje mtu moyo. Wiki mbili hivi nikawa nafanya mazoezi ya kubebwa.

Sasa nisikilize, maana najua kuna mtu anayesoma hapa ambaye ameanza mara tatu, mara tano, na ameshajiandikia kwamba yeye si mtu wa mazoezi. Nataka nikupe habari ambayo ilinisaidia kuliko mahubiri mengi, mengine yakiwa yangu.

Hii imani kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 haikutoka kwa Danieli. Ilienezwa na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji. Aliona kwamba mgonjwa huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura yake mpya kwenye kioo. Angalieni, alisema angalau. Watu wakaliacha hilo neno njiani, wakabeba 21.

Baadaye Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuatilia watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, akalifunga na jambo lingine ambalo tayari hulifanya, kama vile mara baada ya kifungua kinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wastani wa kufika mahali ambapo mtu anafanya bila kujisukuma ulikuwa siku 66. Wengine siku 18. Wengine makadirio yalifika 254. Ukianza Januari kwa hesabu hiyo ya mwisho, unafika Septemba!

Na jambo la pili waliloliona, hili ndilo lililonitoa machozi: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Siku moja, basi. Wapendwa, sisi wa wokovu tuna shida hapa. Mtu akikosa, kwetu ni kurudi nyuma. Mtu aliyerudi nyuma anaona aibu kuja kanisani, na asipokuja wiki mbili anaona hawezi kuja tena. Ndivyo tunavyofanya na mazoezi. Umekosa Jumanne kwa sababu mtoto alikuwa na homa, Jumatano unajiona umeshaanguka, Alhamisi umehesabu kwamba utaanza upya Jumatatu, na Jumatatu ikija ni tarehe 28, afadhali mwezi mpya uingie. Mithali 24:16 inasema habari za mwenye haki anayeanguka mara saba. Tumeihubiri kwa dhambi, kwa biashara, kwa ndoa. Ihubiri pia kwa viatu.

Hata mababu zetu walijifunza hili kwenye udongo. Ninyi wa Makueni, mlipokuwa bado sehemu ya Machakos kabla ya 1992, mliuona mchezo wote. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Walichimba kwa sababu ya amri. Uhuru ulipokaribia na ulipokuja, mengi yakaachwa yakabomoka. Kisha watu wale wale, na hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, wakarudi kwenye milima ile ile wakachimba kwa hiari yao, wakiimba, leo shamba lako, kesho langu. Ile mbinu ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, fanya-juu, leo imo kwenye vitabu vya kilimo duniani kwa jina lake hilo hilo la Kiswahili. Sasa muulize mama yeyote wa Mbooni au wa Kilungu: ukishachimba tuta umemaliza? Atakucheka. Mvua kubwa ikinyesha ukingo unabomoka mahali. Unachukua jembe unaenda kuziba. Hakuna anayesema tuta limenishinda, mimi si mtu wa matuta. Anaziba, anarudi jikoni.

Mazoezi niliyoyafanya kwa amri, amri ya mashine ya presha na amri ya hofu yangu, yalibomoka yote. Haya ya sasa yana miezi kumi na minne, na yamebomoka mara kadhaa. Desemba, msimu wa mikutano, nilikosa siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili nilitembea dakika kumi tu mpaka kwenye duka la kona nikarudi. Sikufidia. Sikujiadhibu kwa saa mbili. Niliziba mahali palipobomoka.

Mtaniuliza nilifanya nini tofauti mara hii. Mambo machache sana. Kwanza niliacha kuyatafutia muda wake. Tayari mimi huamka kuomba saa kumi na moja. Nikaichukua ile nusu saa ya maombezi, orodha ya majina yenu, nikaitoa nje. Nikishamaliza kuomba chumbani navaa viatu, naanza na familia za Mulango, namaliza na za Kibwezi, na nikifika kwa vijana wasio na kazi najua niko karibu na nyumbani. Siku nikikosa kutembea, kuna watu hawakuombewa. Hiyo inanitoa kitandani kuliko kitambi.

Pili, niliwatangazia kanisani, mtakumbuka mlivyocheka, kwamba ukinikuta asubuhi usinipe lifti, nipungie mkono. Aibu yangu iliisha hiyo siku. Nadhani wengi wenu hamshindwi na uvivu, mnashindwa na macho ya majirani. Mama mzito kidogo anaona akitoka na raba watamsema. Basi wasemeni wote mara moja, mmalize.

Tatu, ni Jumatano, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu si rahisi kwangu kuandika.

Kuna mzee wa kanisa letu, sitamtaja, mnamjua. Mwaka juzi, baada ya kikao kirefu cha wazee, aliniambia anasikia kichwa kizito na macho yana ukungu. Nikamwekea mikono nikaomba. Kuomba ni sawa, na ningeomba tena leo. Lakini sikumwambia akapimwe. Sikumuuliza kama anameza dawa zake. Nilikuwa nimehubiri majuma machache kabla kwamba presha ni roho ya hofu, na ndugu yangu huyu, mtu mtiifu, alikuwa amelisikia neno la mchungaji wake. Wiki tatu baadaye alipata kiharusi akiwa shambani. Mkono wa kulia haujarudi. Sijui kama dawa zingezuia. Daktari mwenyewe hakutaka kusema. Najua nilichokuwa na nafasi ya kusema sikukisema. Nimemwomba msamaha mbele ya mkewe na watoto wake, na leo nawaomba msamaha nyinyi pia, kwa lile hubiri.

Kwa hiyo sikiliza, na unielewe vizuri. Kama umeandikiwa dawa ya presha au ya sukari, imeze. Mimi nameza yangu kila usiku. Kutembea husaidia, kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kudumu huweza kushusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi kwa wastani. Lakini hayo ni pamoja na dawa, mpaka daktari aseme vingine. Mwezi uliopita yangu ilisoma 134 kwa 84. Utukufu kwa Mungu, na asante kwa yule mama wa mkoba, na kwa vidonge.

Jumatano basi naenda kwa yule mzee. Tunatembea kutoka mlangoni pake mpaka kwenye mwembe na kurudi, mara nne. Tulipoanza ilikuwa mara moja, na alikaa chini ya mwembe robo saa kabla ya kurudi. Yeye ndiye anayehesabu. Nikichelewa ananipigia simu.

Nilipoanza kusema haya kanisani, ndugu mmoja aliniandikia ujumbe wenye mstari mmoja tu, 1 Timotheo 4:8, pale Paulo anaposema kujizoeza mwili kwafaa kidogo. Nilimjibu hivi: kidogo si bure. Paulo analinganisha mazoezi na utauwa, na utauwa unashinda, nani anabisha? Lakini barua hiyo hiyo, sura inayofuata, Paulo huyo huyo ana wasiwasi na tumbo la Timotheo na kuumwa kwake kwa mara kwa mara mpaka anampa ushauri wa kinywaji ambao sisi Wapentekoste huwa hatuuhubiri kabisa. Mtu asiyejali mwili haandiki hivyo. Na Eliya, 1 Wafalme 19, alipochoka mpaka akataka kufa, malaika hakumletea semina. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akatembea siku 40 mpaka Horebu.

Sasa kuna watu ambao neno hili si lao, na nisingependa walibebe. Mama unayeamka saa kumi, unachota maji kwa mitungi, unalima, unakata kuni, unarudi kupika isyo na kuosha watoto, usije ukaniambia Jumapili kwamba unaona hatia kwa kutofanya mazoezi. Wewe umeshafanya ya nyumba nzima. Kujitunza kwako ni kuketi chini, na baba watoto achukue mtungi mmoja. Baba, umesoma? Ninaowasema mimi ni wa dukani, wa ofisi za kaunti, walimu, washonaji, wenye bodaboda wanaokaa juu ya kiti cha pikipiki kutoka alfajiri mpaka usiku, na watumishi wenzangu wa Mungu, ambao nawaona kwenye mikutano tukipanda ngazi tatu za jukwaa tukihema kabla ya kusalimia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba pambio. Nusu saa siku tano inatosha. Na kama nusu saa huna, hata dakika chache zinahesabiwa. Zamani walikuwa wanataka angalau kumi kwa mkupuo, siku hizi hawataki. Siku mbili za wiki wanataka misuli ifanye kazi ya nguvu, na hapo jembe linatosha kabisa, au kunyanyua mtungi wa lita tano juu na chini ukitazama habari.

Chagua mahali pako kwa akili. Wa Emali, Makindu na Kibwezi, tafadhali msitembee kandokando ya barabara ya Mombasa gizani; lori halitajua kwamba uko kwenye maombi. Ingieni njia za ndani. Wa Mtito Andei na upande wa Ikutha, ndovu wa Tsavo mnawajua kuliko mimi, ngojeni kupambazuke. Akina dada msitoke peke yenu, tokeni wawili watatu, kama mwethya, na anayekosa apigiwe simu. Jua la kwetu likishafika saa tatu si la kuchezea, hasa kule Mutomo. Msikimbie mkiwa mmefunga, nimeshawaonyesha matokeo. Wenye sukari wanaodunga sindano, ulizeni kliniki yenu kwanza kuhusu kula kabla ya kutoka. Na mtu akisikia kifua kinabana, anasimama hapo hapo, anatafuta hospitali, tutaombea njiani.

Vijana, nyinyi mnaoita tizi, mmeniomba twende Mwamba wa Nzambani tupande zile ngazi za chuma. Tutaenda mvua ikiisha. Wale wanaouliza kuhusu kuuzunguka mara saba, mnajua wazee wanasema mwanamume anashuka akiwa mwanamke na mwanamke mwanamume. Mimi sitahesabu raundi za mtu, lakini kamati ya ndoa imeomba tuzunguke mara moja tu.

Nimeombea magoti yenu kwa majina. Kesho baada ya maombi ya saa kumi na moja nitakuwa njia ya Mulango, nimevaa viatu hivi hivi mpaka soli ya kushoto nayo iishe. Ndugu zangu wa bodaboda pale steji, nawapenda sana katika Bwana. Pungeni mkono, mpite.